Nimemwombea wifi yangu Zaburi 109, sasa mtoto wake kalazwa. Ni maombi yangu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kanda ya Ziwa, meseji yake ndefu naifupisha. Mimba zake mbili zimetoka, biashara ya mume imeyumba, akaenda kwa mtumishi mmoja akaambiwa anayewafunga ni wifi yake. Akapewa programu ya siku 21: aamke saa tisa usiku, aandike jina la wifi kwenye karatasi, aizungushie chumvi ya mawe, asome Zaburi 109 yote kwa sauti. Wiki ya tatu mtoto wa wifi akaumwa akalazwa. Sasa hapati usingizi, anauliza: "Mwalimu, ni mimi nimemfanyia hivi yule mtoto? Na kama ni vibaya mbona imo kwenye Biblia? Na sasa niombe nini maana hata kupiga magoti naogopa."

Dada yangu shalom. Nianze na mtoto maana najua hicho ndicho kinachokunyima usingizi, mengine yatafuata.

Hapana, si wewe. Watoto wanaumwa, kanda yenu malaria haijawahi kuisha, na huyo mtoto angeweza kuumwa wiki hiyo hiyo hata kama ungekuwa umelala fofofo kila usiku. Biblia yenyewe inakujibu, Mithali 26:2, "Kama shomoro katika kutanga-tanga kwake, na kama mbayuwayu katika kuruka kwake, kadhalika laana isiyo na sababu haimpigi mtu." Isome mara mbili hiyo. Halafu nenda Hesabu 23, pale Balaki mfalme wa Moabu amemkodi Balaamu aje alaani Israeli, madhabahu saba zimejengwa, ng'ombe saba na kondoo waume saba wamechinjwa, gharama zote hizo, na Balaamu anafungua mdomo anasema "Nimlaanije, yeye ambaye Mungu hakumlaani?" Mungu hakodishwi. Hapokei jina kwenye karatasi halafu akaenda kumpiga mtoto wa mtu kwa sababu wewe umeamka saa tisa ukasoma kwa sauti. Angekuwa hivyo, mimi mwenyewe ningeacha kumwabudu.

Na angalia, mstari huo huo wa Mithali unakutoa wewe hatiani na unakutoa pia kwenye ile hofu uliyoanza nayo, kwamba kuna mtu ana uwezo wa kukufunga tumbo Mungu akiwa anaangalia tu pembeni. Hauwezi kuwa wa kweli kwako halafu usiwe wa kweli kwake.

Sasa "mbona imo kwenye Biblia." Swali zuri na watumishi wengi wanalikwepa. Zaburi za namna hii, za kuwaombea maadui mabaya, ziko kadhaa, 35, 58, 69, 83, 109, 137, kuna na nyingine zenye mistari miwili mitatu mikali. Na wewe si wa kwanza kushtuka nazo. John Wesley alipowatengenezea Wamethodisti wa Marekani kitabu cha ibada mwaka 1784 aliziondoa zaburi kadhaa, akasema hazifai midomoni mwa kusanyiko la Kikristo. Kanisa Katoliki lilipopanga upya zaburi za Masifu, zile sala zake za vipindi vya kila siku, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye toleo la 1971, 58 na 83 na 109 ziliachwa nje kabisa, mapadre na masista hawazisali kwenye ule mzunguko wa wiki nne. Yaani umepewa usome kila usiku kitu ambacho watu wazima kanisani wamekigusa kwa tahadhari miaka mingi.

Mimi siko upande wa kuziondoa. Ila tuisome 109 yenyewe, maana nina wasiwasi uliisoma kwa hasira bila kuisoma kwa utulivu. Mstari wa 4 mwenye zaburi anasema, "Badala ya upendo wangu wao hunishitaki, ijapokuwa naliwaombea." Ameanza kwa kuwaombea! Hao watu aliwapenda, aliwaombea, wakamlipa mabaya. Zaburi 35 vilevile, wengi wanaikimbilia mstari wa kwanza ule wa "pigana nao wanaopigana nami", wakifika wa 13 wanauruka, pale anasema hao maadui walipougua yeye alivaa gunia akafunga kwa ajili yao. Sasa nikuulize kwa upendo, kabla ya zile siku 21 uliwahi kumwombea wifi yako mema hata siku moja? Kwa sababu kama mlango wa kuingilia kwenye zaburi hii ni mstari wa 4, wengi wetu tunaingilia dirishani.

Halafu kuna hii. Kuanzia mstari wa 1 mpaka 5 anazungumzia maadui wengi, "wao, wao", ghafla mstari wa 6 inakuwa mtu mmoja, "yeye", na inaendelea hivyo mpaka 19, na humo ndimo mna yale makali yote, watoto wake wawe yatima, mkewe awe mjane. Kuna wasomi wanasema hapo anayesema siye Daudi tena, ni Daudi anarudia mbele za Mungu maneno ambayo maadui walikuwa wanamtupia yeye. Kuna wanaokataa kwa sababu ya mstari wa 20. Mimi siegemei sana hapo, maana hata ukiinusuru 109 kwa njia hiyo bado 69 na 137 zinakusubiri na zenyewe hazina mlango huo. Lakini fikiria tu kama hao wasomi wako sahihi, kwamba maneno uliyokuwa unasoma juu ya wifi yako ni maneno ya washitaki wa uongo.

Tuseme basi ni ya Daudi mwenyewe. Amefanya nini nayo? Amempelekea Mungu. Hapo ndipo penye ishu yote na nakuomba upashike, zaburi hizi ni mashitaka yanayopelekwa kwa hakimu, mtu ameonewa kweli, mamlaka za dunia hazimsikilizi, anamwaga yote mbele ya Yule mwenye kuhukumu halafu anaondoa mkono wake. Mwangalie Daudi kwenye 1 Samweli 24, Sauli ameingia pangoni kule Engedi, Daudi yuko ndani na wanaume zake wanamnong'oneza hii ndiyo siku yenyewe, anakata upindo wa vazi tu na hata huo unamchoma moyo, anatoka nje anamwambia, "BWANA atuamue, mimi na wewe, na BWANA anilipizie kisasi changu kwako, lakini mkono wangu hautakuwa juu yako." Maneno makali, mkono mtupu. Paulo naye Warumi 12:19, "msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu." Kuipisha maana yake unatoka njiani. Wewe dada umefundishwa kinyume chake, umefundishwa kwamba maombi ndiyo silaha na wewe ndiye mwenye kidole kwenye kitufe, na wamekuwekea mpaka saa na idadi ya siku. Niseme wazi tu, ukishaandika jina la mtu kwenye karatasi ukaizungushia chumvi saa tisa usiku umebakiza tunguri tu. Ukisoma Wagalatia 5:20 utakuta Paulo amepanga uchawi, uadui, ugomvi, wivu, hasira na fitina kwenye mstari mmoja bila hata kuvuta pumzi.

Na Daudi alikuwa na kitu ambacho wewe huna. Alijua. Sauli alimrushia mkuki akiwa anapiga kinubi, Doegi alienda kumchongea na makuhani wa Nobu wakauawa, ni vitu vilivyotokea mbele ya macho ya watu. Wewe una nini juu ya wifi yako? Una neno la mtu mmoja ambaye hajawahi kumwona, pamoja na ile tabia ya wifi uliyoniandikia, ya kuja kwenu bila taarifa na kuuliza uliza kuhusu tumbo lako, ambayo nakubali inakera sana ila nusu ya mawifi wa nchi hii wanayo. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu, na aya zinazofuata zinasema shahidi wa uongo atendewe yale aliyokusudia kumtendea mwenzake. Hizo sheria ziliwekwa makusudi ili mtu asiangamizwe kwa kushukiwa.

Mtu wa Ituri kule Kongo aliyeona kijiji chake kinachomwa, akawazika wanawe, akija kwangu anataka kusoma Zaburi 94, "Ee BWANA, Mungu wa kisasi", sitamfunga mdomo, nitakaa chini nisome naye. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer alihubiri Zaburi 58 mwezi wa saba 1937, Ujerumani ya Hitler, siku chache baada ya mchungaji mwenzake Martin Niemöller kukamatwa. Walikuwa wanajua nani anawatesa na kwa nini, na bado alichosisitiza ni kwamba anayeweza kuiomba zaburi ile kwa haki ni asiye na hatia, ambaye ni Kristo, sisi wengine tunaiomba tukiwa nyuma yake. Na huyo Kristo aliye mbele yetu, alipofika kwenye siku ya kuitumia, alisema "Baba, uwasamehe". Petro anasema alipoteswa hakuogofya, alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki. Yakobo na Yohana walitaka kuomba moto ushuke kwenye kijiji cha Wasamaria, walikuwa na andiko kabisa, la Eliya, na Luka 9:55 inasema aligeuka akawakanya. Walikuwa na mfano wa kibiblia, wakakanywa. Kwa hiyo "imo kwenye Biblia" peke yake haitoshi dada yangu, lazima uulize imo kwa kazi gani, na Yesu aliishikaje.

Nipite kidogo kwenye Zaburi 137 maana wanaipiga sana kwenye mikesha. Ule mwisho wake wa kutisha, heri awatwaaye watoto wa Babeli na kuwaseta juu ya mwamba, ulitoka vinywani mwa watu walioona Yerusalemu inabomolewa. Sawa. Lakini watu waliokwisha kuhamishwa kwenda Babeli hiyo hiyo ndio walioandikiwa barua na Yeremia, sura ya 29, ile yenye mstari wa 11 ambao kila mtu ameuweka kwenye profaili yake. Mstari wa 7 ambao hauwekwi popote unawaambia wautakie amani mji ule na wauombee kwa BWANA. Machozi yao Mungu aliyapokea mpaka yakaingia kwenye kitabu cha zaburi, ila agizo alilowapa la kufanya kila siku, wakijenga nyumba na kupanda bustani na kuoza binti zao, ni kuwaombea Wababeli amani. Mimi naishi na zaburi hizi kwa namna hiyo, naruhusiwa kulia hivyo, siagizwi kuishi hivyo.

Haya, niombe nini sasa. Usiache kupiga magoti, ila ile programu iishie leo, hata kama ilibaki siku mbili. Karatasi ichane, chumvi irudi jikoni, ni chumvi ya dukani tu ipikie mboga. Amka asubuhi muda wako wa kawaida. Chukua hiyo hiyo 109, usiikimbie, soma mstari wa 1 mpaka wa 5, simama hapo mwambie Mungu kilichokuumiza kwa majina yake halisi. Sijui kama umewahi kuzililia zile mimba mbili, maana kwenye meseji yako yote umeandika mstari mmoja kuhusu hizo na mistari ishirini kuhusu wifi. Hilo limenigusa. Inawezekana hasira imekuwa rahisi kuibeba kuliko msiba, na huo ni msiba kabisa, hata kama hakuna aliyekuja kukaa matanga. Mlilie Mungu hao watoto. Ukimaliza ruka uende 21 mpaka 31, pale anasema yeye ni mnyonge na mhitaji, magoti yake yamelegea kwa kufunga, na "wao walaani, bali Wewe utabariki", na mwisho kabisa kwamba Mungu anasimama mkono wa kuume wa mhitaji. Hiyo ni yako, idai bila woga.

Kisha soma Zaburi 139 mpaka mwisho. Kule nako Daudi anafika 21 na 22 anasema anawachukia wanaomchukia Mungu, chuki kamili, halafu pumzi inayofuata ni "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu". Yaani amejishtukia hapo hapo. Hiyo ndiyo namna salama ninayoijua ya kuomba ukiwa na hasira, ukishasema yote mruhusu na yeye aseme.

Halafu mwombee yule mtoto kwa jina lake. Siku za kwanza maneno yatagoma kutoka, sema hata "Bwana mponye" basi, usingoje moyo ulainike kwanza. Mathayo 5:44 haikusema jisikie upendo, ilisema "waombeeni wanaowaudhi". Na kama hospitali si mbali nenda kawaone, beba uji kwenye chupa, beba sabuni, yule mama analala kwenye benchi la wodi. Warumi 12:20, adui yako akiwa na njaa mlishe. Tena pengine si adui.

Swali ambalo hukuuliza ila litakuja: je nimwambie wifi kwamba nilimwombea afe? Wachungaji wengine watakwambia nenda ukatubu kwake. Mimi nasema usiende. Mathayo 5:23 inasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, yeye hana neno, hajui chochote, ukienda kumwambia akiwa na mtoto wodini utakuwa unatua mzigo wako kwenye kichwa chake na familia itawaka moto. Tubu kwa Mungu, na mwambie mama mmoja mtu mzima kanisani anayejua kunyamaza akuombee, Yakobo 5:16. Inatosha.

Ila, na hapa sikuongelei kwa upole, kama umeshamwambia mtu mwingine kwamba wifi yako ni mchawi, mume wako, shoga yako, kundi la maombi la WhatsApp, hilo lazima ulirudishe wewe mwenyewe kwa mdomo wako, leo. Uko Kanda ya Ziwa, sihitaji kukueleza. Bibi wangapi Shinyanga, Geita, Mwanza huko wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa kupika miaka yote kwenye moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Kilifi kule Kenya wazee wanaitwa wachawi na mara nyingi ukichunguza nyuma yake kuna shamba ambalo vijana wanalitaka. Neno hilo likishatoka halijulikani litatua kwa nani na siku gani, na mwenye panga haulizi kama ulikuwa unaomba tu. Kwa hiyo waambie wote uliowaambia, "nilikosea, sina ushahidi wowote, msirudie." Ni aibu, najua. Ifanye.

Sisemi uchawi haupo, Efeso 6:12 naiamini na nimekaa na watu waliofunguliwa. Lakini mstari huo unasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, na wifi yako ni damu na nyama. Siku yoyote ukijikuta vita vyako vya kiroho vina jina na namba ya simu, hapo umeshatoka kwenye Efeso 6.

Kuhusu tumbo, nenda hospitali, wewe na mume wote wawili, msiende wewe peke yako kana kwamba mimba ni ya mtu mmoja. Waambie daktari zilitoka zikiwa na miezi mingapi, hiyo inamsaidia sana kujua pa kuanzia. Kuna malaria, kaswende, sukari, mlango wa kizazi kulegea, kuna suala la kundi la damu kama wewe ni negativu, hivi vinapimika, na vingi vina matibabu. Hana alimlilia Mungu Shilo na hakuna anayemlaumu, ila hata yeye alipomaliza kuomba alienda zake akala chakula.

Mwisho, yule mtumishi atakupigia. Atasema ukiacha katikati madhabahu itakugeukia wewe, na pengine atataka sadaka nyingine ya kuifunga. Usibishane naye, msomee Mithali 26:2 na ukate simu. Akiendelea mbloki. Hela uliyokwisha kumpa usiifuatilie, iliyobaki ipeleke kwenye vipimo.